Nyonga baiskeli, halafu ujiulize kama kweli uko fiti: mwongozo kwa watu wa Mtwara na Lindi

Huku kwetu kusini ukimuuliza mtu habari za afya atakujibu nzuri. Hata kama usiku kucha hajalala kwa sababu ya mgongo atakwambia nzuri, tunamshukuru Mungu, afu ukikaa naye dakika kumi pale barazani ndo unaanza kusikia, magoti, kichwa, anahema akipanda ngazi za ofisini, na presha ilipimwa mwaka juzi haijarudiwa tena mpaka leo. Sio kwamba anadanganya, salamu zetu ndo zinataka hivyo. Shida ni kwamba mtu akijibu nzuri kila siku anafika mahali hata yeye mwenyewe hajui hali yake ikoje, na anaanza kuamini kwamba kuchoka choka ndo ukubwa wenyewe.

Sasa watafiti wa afya wana swali moja wanalipenda sana, rahisi mpaka unashangaa: kwa ujumla, unaionaje afya yako? Nzuri sana, nzuri, ya kawaida au mbaya? Basi, hakuna sindano wala mashine. Mwaka 1997 Ellen Idler na Yael Benyamini walizipitia tafiti 27 za watu walioulizwa swali la aina hiyo wakafuatiliwa kwa miaka, na nyingi kati yake zilionyesha waliosema afya yao mbaya ndo waliokuwa kwenye hatari zaidi ya kufariki miaka iliyofuata, hata ukishaweka pembeni magonjwa waliyokuwa nayo tayari. Kwa hiyo unavyojiona sio kitu cha kupuuza, mwili unakuwa na taarifa ambazo faili la hospitali halina.

Na baiskeli inaingiaje hapo? Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa miji saba ya Ulaya, Antwerp, Barcelona, London, Roma, Vienna, Zurich na Örebro, wakalinganisha watu wanaotembea kwa gari, pikipiki, usafiri wa umma, miguu, baiskeli ya kawaida na ile ya umeme. Waliokuwa wananyonga baiskeli mara kwa mara ndo walioongoza kwa kujiona wana afya nzuri, na pia akili zao zilikuwa zimetulia zaidi na upweke ulikuwa mdogo. Waliofuatia ni waenda kwa miguu. Unaweza kusema aa hao ni wazungu na barabara zao, sawa, lakini moyo na mapafu hayana utaifa. Pingamizi la maana ni lingine: huenda mtu mwenye afya ndo anayeweza kunyonga baiskeli tangu mwanzo, mgonjwa yuko zake kwenye bajaji. Hilo ni kweli kabisa na ndo maana nakushauri usichukue namba za Ulaya ukazimeza hivi hivi, jipime mwenyewe hapa hapa Mtwara, wewe kabla na wewe baada. Namna ya kufanya ni hii.

Jipe maksi kabla hujagusa baiskeli

Chukua daftari au fungua sehemu ya kuandika kwenye simu, andika tarehe, afu ujibu lile swali kwa neno moja. Ujibu asubuhi ukiwa bado kitandani, sio jioni umetoka kugombana na mtu sokoni wala siku umeamka na mafua. Na usijibu kama unasalimiwa, hapo hakuna anayekusikia, kama ni ya kawaida andika ya kawaida, kama ni mbaya andika mbaya.

Kitu kinachowapotosha wengi hapo ni kujilinganisha. Mtu wa miaka 45 anamwangalia jirani mwenye sukari na mguu umefungwa bandeji anasema mimi nina afya nzuri sana, mwingine wa umri huo huo anamwangalia kijana anayecheza mpira pale uwanjani anasema mimi nimekwisha. Wote wawili wamejibu kuhusu mtu mwingine. Jilinganishe na wewe mwenyewe wa mwezi uliopita, au wa kabla ya msimu wa korosho uliopita kama kumbukumbu yako ni nzuri.

Chini ya hilo jibu ongeza vitu vichache ambavyo havibembelezwi na maneno. Usingizi: unalala moja kwa moja au unaamka amka? Kilima: chagua mwinuko mmoja unaoupita mara kwa mara, upande kwa miguu kwa mwendo wako, uandike kama ulisimama njiani. Watu wa Lindi hapo hamna shida, kuna Mtanda, watu wa Mtwara mjini ambako ni tambarare tumia ngazi za jengo lolote la ghorofa. Na mapigo ya moyo: kabla hujanyanyuka kitandani weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Mtu mzima aliyetulia kawaida anakuwa kati ya 60 na 100, na anayefanya mazoezi kwa muda huwa yanashuka taratibu kwa sababu moyo ukipata nguvu unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, hauna haja ya kukimbia kimbia.

Ukishaandika funga daftari. Usilifungue kila siku, utaanza kujitafutia majibu.

Baiskeli yenyewe

Usiende dukani. Ile Phoenix ya mzee iliyoegemezwa nyuma ya nyumba inatosha, ikishakaguliwa. Nasema hivi kwa sababu tangu bodaboda zijae mjini baiskeli imekuwa kama alama ya mtu asiye na hela, kwa hiyo mtu akitaka kuanza anaona bora anunue ile ya gia kumi na nane ya mtumba ili asionekane hivyo, afu gia zenyewe zinaanza kuruka wiki ya pili na spea hazipatikani, baiskeli inarudi ukutani. Ya gia moja mji wa Mtwara inakutosha kabisa. Kama uko Newala au unakaa Mtanda juu, hapo gia zina maana.

Kitu cha kwanza kukagua ni siti, na hapa nitakaa kidogo maana wengi wanaacha baiskeli wakisema inawaumiza magoti kumbe ni siti iko chini. Baiskeli nyingi za hapa siti imeshushwa mpaka mwisho ili mtu akisimama miguu ikanyage chini vizuri, na kwa kubeba abiria ina mantiki, lakini ukinyonga hivyo kila siku goti linakunjwa kupita kiasi na maumivu yanakuja mbele ya goti. Siku moja kuna mama mmoja alileta yake kwa fundi, chini ya mwembe, kijana wa fundi akamwambia apande aegemee mti.

"Mama, kanyaga pedeli kwa kisigino."

"Kisigino tena? Mwanangu mi nanyonga kwa vidole."

"Najua mama, napima tu. Zungusha mpaka pedeli iende chini kabisa. Haya, goti bado limejikunja, ona."

Akachukua spana, akalegeza nati ya bomba la siti, akalivuta juu huku akilizungusha zungusha maana kutu ilikuwa imeshashika, akapaka grisi, akakaza. Mama akapanda tena, kisigino kikagusa pedeli huku mguu umenyooka.

"Mh, mbona kama niko juu ya mnazi?"

"Utazoea mama. Ukinyonga kwa vidole goti litabaki limekunjika kidogo tu, hapo ndo penyewe."

Ndo hivyo tu, kipimo cha kisigino. Siti ikizidi kwenda juu utajijua kwa sababu nyonga zitakuwa zinayumba kulia kushoto na maumivu yatahamia nyuma ya goti, ishushe kidogo. Bomba la siti libaki ndani ya fremu angalau upana wa vidole vinne, lisije likang'oka. Pua ya siti ikae sawa, ikielekea juu utapata ganzi sehemu nyeti, na wanaume wengi wanaona aibu kulisema hili wanaacha baiskeli kimya kimya wakati ni nati moja tu ya kulegeza.

Breki zishike, raba zisiwe zimeisha. Cheni iwe na oili. Upepo ujazwe mpaka ukibonyeza tairi kwa kidole gumba libonyee kidogo sana, ila kama njia yako ina mchanga mwingi kama vichochoro vya kule Shangani punguza kidogo, tairi laini haizami sana. Kinamama wanaovaa dira au baibui, hakikisha mfuniko wa cheni upo, au baiskeli ya kike isiyo na bomba la juu, na ukipata wa kukusema kwamba mwanamke hanyongi baiskeli, salimia upite.

Kiasi gani na kwa mwendo gani

Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020 linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au nusu ya hapo kama ni makali. Usiogope hiyo 150. Dakika 15 kwenda kazini au sokoni, dakika 15 kurudi, siku tano kwa wiki, imeisha. Kutoka Magomeni mpaka katikati ya mji kwa mwendo wa pole ni safari ya aina hiyo hiyo, na hiyo ndo siri ya baiskeli kuliko kujiandikisha jimu, unafanya mazoezi huku unaenda ulikokuwa unaenda tu, na hela ya bodaboda imebaki mfukoni.

Mwendo wa wastani unaujua kwa mdomo. Ukiweza kuongea na mwenzako sentensi nzima lakini ukijaribu kuimba pumzi inakatika, hapo umepatia. Ukiweza kuimba taarabu nzima na kiitikio, ongeza. Ukishindwa hata kuitikia salamu ya mtu, punguza, na kwa huku kwetu kupita mtu bila kuitikia ni kesi nyingine.

Na hizo salamu nisizipite. Ukiwa kwenye bodaboda unapita mtaa mzima hujaongea na mtu, ukiwa kwenye baiskeli unakwenda taratibu kiasi kwamba unamwona kila mtu, shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, mbona umepotea, nitapita jioni, mpaka ufike umeongea na watu kumi. Kwa maoni yangu lile la upweke kupungua kwa kiasi fulani linatoka hapo, na mtu anayeonwa na kuulizwa habari kila siku anajiona mzima kuliko anayekaa ndani na simu.

Saa nzuri huku ni baada ya swala ya alfajiri kukishapambazuka, au jioni baada ya alasiri jua likishalegea. Kuanzia Novemba mpaka Februari saa sita mchana usijaribu, joto na unyevu wa pwani vinachosha moyo bure, na beba maji hata kama ni safari fupi. Upepo nao: toka ukiwa umeuelekea usoni, ili ukirudi umechoka ukusukume mgongoni. Mwezi wa Ramadhani fanya kidogo karibu na magharibi ili ukifika nyumbani ni kufuturu, au baada ya tarawehe kama mtaa wako una taa na baiskeli yako ina taa.

Barabara ya kwenda Mikindani, kama kilomita kumi hivi kutoka mjini, ni nzuri kwa siku ya mapumziko, unafika unaona bahari na yale majengo ya zamani, unakunywa dafu unarudi. Lakini ndo hiyo hiyo wanayopita malori ya saruji na ya makaa ya mawe na mabasi ya Dar, kwa hiyo nenda asubuhi mapema, vaa nguo inayoonekana, weka riflekta nyuma, na ukisikia lori nyuma yako na jingine linakuja mbele shuka pembeni usubiri. Usiku barabara kuu usiende. Hapo sina utani.

Wanaonyonga kila siku na bado wanajisikia vibaya

Hili ndo swali ambalo mtu wa Masasi au Newala angeniuliza mara ya kwanza tu: mbona hawa vijana wa mkaa wananyonga kuliko wazungu wote wa Ulaya na ukiwauliza afya wanakwambia mwili umekwisha?

Waangalie vizuri wakiwa wanapandisha kuelekea Newala. Magunia mawili ya mkaa yamefungwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tairi za ndani, mengine yanazidi kimo cha mtu, mkono mmoja kwenye hendeli mwingine umeshika fimbo iliyofungwa nyuma ya siti ndo ya kusukumia, shati limeloa lote, na kwenye mteremko baiskeli ndo inamvuta yeye, kisigino cha ndala kinageuka breki. Huyo hanyongi, anasukuma, afu saa nzima au zaidi bila kupumzika, na kesho yake tena, na chakula ni muhogo na chai ya rangi. Hachagui mwendo wala muda wala siku ya kupumzika.

Watafiti nao wameliona hili, kwamba kazi nzito ya kutwa nzima mara nyingi haileti faida ile ile ya mazoezi ya muda mfupi unaoyachagua mwenyewe, wengine wanaliita fumbo na bado wanabishana kuhusu sababu zake, lakini moja inayotajwa ni hiyo ya kukosa mapumziko, moyo na presha vinakaa juu kwa masaa bila kushuka. Kwa hiyo kama wewe baiskeli ndo kazi yako, unabeba mkaa, maji, samaki kutoka ferini, magunia ya korosho msimu ukifika kuanzia Septemba Oktoba, ushauri wangu sio uongeze kunyonga. Wewe unachohitaji ni mambo mengine. Gawanya mzigo safari mbili kama inawezekana, maana mzigo mmoja mkubwa sana ndo unaovunja mgongo na spoku kwa pamoja. Uzito ukae chini na katikati, sio juu ya keria mpaka baiskeli inanyanyua mguu wa mbele. Pumzika kabla hujachoka, sio baada ya kuanguka. Kula kabla ya kutoka. Na siku moja kwa wiki baiskeli ilale, au uipande ikiwa tupu kwenda kusalimia ndugu, uone tofauti ya mwili ukiwa unanyonga bila mtu wa kukudai mzigo.

Ukishafanya hivyo jiulize lile swali. Kwa watu wa kazi nzito mara nyingi jibu linapanda kwa kupunguza, wakati kwa mtu wa ofisini linapanda kwa kuongeza, ni swali lile lile.

Kusoma majibu

Wiki za mwanzo utajiona mgonjwa kuliko ulivyoanza, nakwambia mapema ili usije ukasema umedanganywa. Mapaja yatauma, makalio yatauma zaidi, na jioni utalala mapema kama mtoto. Usijipe maksi kipindi hicho. Maumivu ya misuli yanayokuja kesho yake na kuisha siku mbili tatu ni ya kawaida, maumivu ya kiungo yanayozidi kila siku sio ya kawaida, rudi kwenye siti.

Cha kwanza kubadilika kwa watu wengi ni usingizi na hasira, sio kitambi. Unagundua tu kwamba watoto wakipiga kelele hushtuki kama zamani, au umelala mpaka adhana bila kuamka katikati. Baada ya wiki kadhaa kile kilima ulichokiandika unakipita bila kusimama. Kitambi kinakuja mwisho na wakati mwingine hakiji kabisa, hasa ukirudi na njaa ukaimalizia kwenye wali wa nazi na chapati, na hapo wengi wanakata tamaa wanasema baiskeli haisaidii kitu, wakati mapigo ya moyo yameshashuka na wenyewe hawajaangalia. Ndo maana nilisema uandike vitu kadhaa, sio kilo peke yake.

Mwezi ukiisha fungua daftari, jibu lile swali upya kabla hujasoma jibu la zamani, afu ndo ulinganishe. Fanya hivyo kila mwezi. Ukiona limetoka ya kawaida likaja nzuri, jiulize ni nini hasa kimekufanya uandike hivyo, kama ni pumzi au usingizi au ni kwamba umefurahi tu korosho zimelipwa bei nzuri mnadani. Sicheki, hela inabadilisha sana namna mtu anavyojiona, na kipindi cha malipo mkoa mzima unajisikia mzima. Linganisha na mwezi usio na hela ndo utajua.

Kujiona mzima na kuwa mzima

Hapa nataka usome taratibu. Presha ya juu kwa watu wengi haiumi kabisa. Sukari mwanzoni nayo inaweza kukaa miaka bila kelele. Kwa hiyo unaweza kunyonga mwaka mzima, ukajiandikia nzuri sana kila mwezi, na kumbe presha iko juu. Baiskeli inasaidia kuishusha na kusaidia mwili kuitumia sukari vizuri, na kule Uingereza utafiti wa mwaka 2017 uliofuatilia watu zaidi ya 260,000 ulikuta wanaoenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufariki katika kipindi hicho pungufu kwa asilimia 41 ukilinganisha na wanaoenda kwa gari au usafiri mwingine wa kukaa tu. Pungufu sio sifuri. Kapime, kituo cha afya chochote wanapima presha, na kwa hospitali kubwa zaidi Mtwara kuna Ligula na ile ya rufaa ya kanda pale Mitengo, Lindi kuna Sokoine, ukiwa njia ya Masasi kuna Nyangao na Ndanda. Namba ya juu ikiwa 140 au zaidi, au ya chini 90 au zaidi, na wakirudia siku nyingine ikawa hivyo hivyo, hiyo ni presha ya juu hata kama umekuja hospitali kwa baiskeli huku unaimba.

Kinyume chake pia kipo. Mtu ana presha, anatumia dawa vizuri, ananyonga dakika zake, analala, anasalimiana na watu, ukimuuliza anasema niko vizuri sana, na yuko vizuri kweli. Ugonjwa kwenye faili haukulazimishi kujibu mbaya.

Kama una sukari na unatumia insulini au vidonge vya kushusha, tembea na kitu kitamu mfukoni, peremende au juisi ndogo, maana kunyonga kunaweza kuishusha ghafla, dalili zake ni kutetemeka, jasho la baridi na kuchanganyikiwa, simama ule. Kifua kikibana, maumivu yakaenda mkononi au kwenye taya, au kizunguzungu cha kuona giza, shuka hapo hapo, usimalizie safari, omba msaada uende hospitali kwa chombo kingine.

Mvua zikianza, huku kwetu ni Desemba mpaka Aprili hivi, kumbuka breki zikilowa zinachelewa kushika, kwa hiyo anza kuzibana mapema kabla hujafika kwenye kona, na madimbwi usiyaingie kama huyajui kina chake. Siku za mvua kubwa tembea kwa miguu na mwavuli, dakika zake zinahesabika vile vile.

Na ukienda kwa daktari mpelekee lile daftari, mwambie unanyonga kiasi gani kwa wiki na kwa mwendo gani. Kuna dawa za presha ambazo kazi yake nyingine ni kupunguza mapigo ya moyo, ukiwa unazitumia ile hesabu yako ya asubuhi itakuwa ndogo bila kujali umenyonga au umelala, kwa hiyo hapo muulize yeye ufuate kipimo gani, na wewe uendelee na kilima na usingizi.